Curtis Turner: Fundi wa vumbi aliyemalizwa na lami yake mwenyewe

SHABIKI wa soka anaujua uwanja mbovu. Anaijua ile pichi yenye kipara golini, mpira unaogonga kichuguu na kumpita kipa, na kocha anayetoka kufungwa akisingizia nyasi. Mara nyingine anasingizia, mara nyingine anasema kweli.

Sasa chukua pichi hiyo, imwagie lami, inyanyue kwenye kona kama pembeni mwa bakuli, halafu waachie humo madereva zaidi ya 50 wanaokimbia kilomita 200 kwa saa. Lami ikianza kubanduka, kila kipande kinachorushwa na tairi ni jiwe la kombeo. Hakuna wa kudunda vibaya hapo. Kuna kioo kinachopasuka, rejeta inayotoboka na tangi la mafuta linalochanika.

Hicho ndicho kilichotokea Jumapili ya Juni 19, 1960 kule Concord, nje kidogo ya jiji la Charlotte, jimbo la North Carolina, Marekani. Uwanja ulikuwa mpya, haujawahi kuchezewa mbio hata moja. Mwenye uwanja alikuwa Curtis Turner, ambaye wakati huohuo alikuwa miongoni mwa madereva watatu au wanne hatari zaidi nchini kwake. Lami ile ilimla fedha, ikamla cheo, na mwisho ikamfungisha maisha kwenye mchezo alioupenda kuliko kitu kingine.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuufuatilia, huu ni mchezo wa magari yanayoonekana kama ya kawaida, yale ya kununua dukani, ila chini ya boneti yamepikwa. Chama chake kinaitwa NASCAR, kilianzishwa mwaka 1948 na bosi mmoja mrefu mwenye mkono wa chuma, Bill France. Si kama mbio za Safari za Kenya, ambako tope na mawe ni sehemu ya mtihani na dereva anajiandaa nayo. Hawa wanazunguka duara moja saa nne, saa tano, gari kwa gari, na kila mmoja anategemea njia iwe ileile kwenye mzunguko wa kwanza na wa mia tatu.

MTOTO WA MBAO NA GONGO

Turner alizaliwa Aprili 12, 1924 katika wilaya ya Floyd, jimbo la Virginia, huko milimani. Baba yake alikuwa mtu wa mbao, na kama ilivyokuwa kwa familia nyingi za milima ile, biashara ya gongo haikuwa mbali na mlango. Kijana akajifunza kazi zote mbili. Ya mbao ilimpa fedha. Ya gongo ilimfundisha kuendesha.

Kusafirisha gongo usiku kwenye barabara za vumbi, taa zimezimwa, polisi wako nyuma, hiyo ndiyo ilikuwa akademi ya madereva wengi wa kizazi kile. Hakuna kocha, hakuna leseni ya daraja. Ukikosea kona umekamatwa au umekufa. Wengi wa mastaa wa mwanzo wa NASCAR walitokea humo.

Mbio zake za kwanza, mwaka 1946 huko Mount Airy, alimaliza wa 18 kati ya magari 18. Yaani mkiani kabisa. Zilizofuata akashinda. Hapo tayari una picha nzima ya mtu huyu: katikati hakukaa sana.

Alichokuwa nacho Turner ni vumbi. Wenzake walipunguza mwendo walipoikaribia kona, yeye aliigeuza gari ubavu mapema kabla kona haijafika, matairi ya nyuma yakilima, vumbi likiwafunika waliokuwa nyuma, akatoka upande wa pili akiwa bado amekanyaga mafuta. Na kama kulikuwa na mtu mbele, alimgonga kidogo bampa ya nyuma hadi akapisha. Wakampa jina la Pops, kutokana na sauti ya kugonga huko. Jamaa hakuwa na kinyongo. Alikugonga, mkimaliza anakununulia kinywaji.

Mwaka 1949, msimu wa kwanza kabisa wa ligi kuu ya NASCAR, ulikuwa na mbio nane tu. Turner akashinda moja, Septemba 11, pale Langhorne, Pennsylvania. Ukisikia wazee wa mchezo huu wanautaja Langhorne, wanautaja kwa heshima na kwa hofu. Ulikuwa uwanja wa udongo wenye umbo la duara kamili la maili moja, hauna sehemu iliyonyooka, kwa hiyo dereva yupo kwenye kona muda wote. Na kulikuwa na sehemu moja ya mteremko iliyochimbika makorongo kiasi kwamba madereva waliipa jina linalohusu kutapika. Kumwagia maji na kusawazisha kabla ya mbio hakukusaidia sana. Baada ya mizunguko kadhaa makorongo yalirudi. Turner aliyapenda makorongo. Gari ikirukaruka, wengine wanapoteza, yeye ndiyo kwanza anachangamka.

Mwaka 1950 akaweka rekodi iliyodumu: alishinda mbio mbili mfululizo akianzia mbele na kuongoza kila mzunguko. Mwaka huohuo yeye na Bill France walikaa gari moja, Nash, kwenye mbio ndefu za barabarani za Mexico. Hilo likumbukwe, maana miaka 11 baadaye wawili hawa hawatakaa hata meza moja.

Mwaka wake mkubwa ulikuwa 1956. Kulikuwa na ligi ya pembeni ya magari ya wazi, yasiyo na paa, na humo Turner alishinda mara 22 katika msimu mmoja. Mojawapo ilikuwa kituko. Septemba 30, kwenye uwanja mdogo wa Asheville-Weaverville, ajali moja ilizoa magari 14 na kuziba njia. Vumbi lilipotulia ikaonekana gari moja tu bado inatembea. Ilikuwa ya Turner. Mbio zikamalizwa hapohapo na yeye akatangazwa mshindi. Mwaka huo pia aliibeba Southern 500 pale Darlington, ambayo enzi hizo ilikuwa kama fainali ya kombe.

Nje ya uwanja alikuwa habari nyingine. Aliuza misitu ya mbao kwa mamilioni na kuyapoteza mamilioni hayohayo, kisha akaanza tena. Pati za nyumbani kwake hazikuisha, hasa akiwa na rafiki yake kipenzi, Joe Weatherly. Inasimuliwa kwamba siku moja alitua na ndege yake ndogo katikati ya barabara ya mji mmoja wa South Carolina kwa sababu abiria walitaka chupa ya wiski, kisha akaruka tena akipita karibu na taa za barabarani. Wamlaka za anga hazikucheka.

JABALI CHINI YA UDONGO

Februari 1959 Bill France alifungua Daytona, uwanja wa lami wa maili mbili na nusu huko Florida, wenye kona zilizoinama nyuzi 31. Kumwaga lami kwenye mwinamo wa namna ile kulihitaji akili: mashine ya kutandaza ilifungwa kwa tingatinga lililosimama juu ya ukingo ili isiteleze chini. Watu walipoona umati na fedha za Daytona, kila mwenye ndoto akataka uwanja wake.

Turner alikuwa na ndoto kubwa kuliko wote. Alitaka wa kwake uwe jirani na Charlotte, mji ambao timu nyingi zilikuwa karibu nao. Promota kijana, Bruton Smith, naye alikuwa na mpango uleule, na badala ya kugombana wakaungana. Wakauza hisa kwa wananchi wa kawaida, wakakopa, wakatangaza uwanja wa maili moja na nusu, sawa na kilomita 2.4. Kazi ilizinduliwa Julai 29, 1959. Na ili waipiku Daytona yenye mbio za maili 500, wao wakatangaza maili 600. Hizo ni kilomita 965, kama kutoka Dar es Salaam hadi Songea, ila unazunguka sehemu moja mara 400. Wengi waliona ni wazimu.

Tatizo likaanza ardhini. Juu kulikuwa na udongo mzuri, chini yake jabali. Itale, lile jiwe ambalo greda likilikwaruza linatoa cheche na kurudi nyuma. Bajeti haikuwa na jabali. Ikabidi lipasuliwe kwa baruti, na inatajwa kwamba kona ya kwanza peke yake ilimeza baruti ya dola 70,000, fedha ambayo enzi hizo ilitosha kununua nyumba kadhaa. Gharama nzima, iliyokadiriwa kuwa chini ya dola milioni moja, ikapanda hadi karibu mara mbili.

Halafu baridi. Machi 1960 theluji ilianguka wiki baada ya wiki na mashine zikasimama. Mbio zilipangwa mwisho wa Mei, Turner akaenda kwa France kuomba asogezewe mbele. France alikubali, wiki tatu tu. Ukifikiria kilichokuja kutokea, wiki tatu zile zilikuwa msaada na mtego kwa pamoja.

Lami si rangi ya kupaka leo ukatembelea kesho. Kinachoshika kokoto pamoja ni ule mchanganyiko mweusi unaotokana na mafuta, na unahitaji kushindiliwa vizuri ukiwa na joto lake, kisha uachwe upoe, ukaze. Tabaka la chini nalo lazima liwe imara, maana likicheza, la juu linapasuka. Ukiwahisha gari nzito zenye matairi mapana juu ya lami changa, kwenye jua la Juni, matairi yanaikamata na kuivuta kama mtu anayebandua ganda la kidonda. Mafundi wa barabara wanalijua hilo hata kwa barabara ya malori. Kwa uwanja wa mbio ni mara kumi.

Turner hakuwa na muda wa kusubiri lami ikaze, wala fedha ya kumtuliza mkandarasi. Siku za mwisho kabisa, kipande cha njia kilikuwa bado hakijatandazwa, na mkandarasi aliyekuwa anadai akaegesha mitambo yake hapo, akasema haitoki mpaka alipwe. Kwa simulizi ya walioishi enzi hizo, watu wa Turner walikuja usiku na bunduki mkononi, mitambo ikawashwa kwa kuunganisha nyaya, ikasogezwa, na lami ikamwagwa. Hivyo ndivyo uwanja ulivyokamilika. Kama neno kukamilika linafaa, maana watazamaji walipofika walikuta sehemu nyingi bado ni saiti ya ujenzi.

SIKU YA MAWE

Kwenye majaribio ya kutafuta nafasi za kuanzia, Fireball Roberts alipiga kilomita 215 kwa saa na kuanzia mbele. Lakini habari ya mjini haikuwa kasi yake. Habari ilikuwa mashimo. Gari chache tu zilipita na lami ikaanza kufumuka kwenye kona. Mafundi wakaziba, gari zikapita, viraka vikafumuka. Wakaziba tena.

Kiraka kipya juu ya lami changa ni kama jino la bandia kwenye ufizi unaouma. Kinakaa mpaka siku utakapokihitaji. Mafundi wa timu walielewa hivyo kabla ya mtu yeyote wa uongozi kukiri, wakaanza kujihami wenyewe. Wakafunga wavu wa waya mbele ya rejeta. Wakafunga wavu mbele ya kioo cha dereva. Wakaning'iniza mipira nyuma ya matairi kama ya malori, ili mawe yasiruke kwa anayefuata. Gari za mbio za lami zikapanga mstari zikiwa zimevaa kama zinaenda vitani.

Watu wapatao 35,000 walikuwa jukwaani. Bendera ikashuka, na mvua ya mawe ikaanza. Haikuchukua muda kona zikawa na mashimo yanayoweza kumeza tairi. Dereva alikuwa na uamuzi mgumu kila mzunguko: apite chini kwenye mstari wa haraka uliojaa mashimo, au apande juu kwenye kokoto zilizomwagika, ambako gari inateleza kama imemwagiwa shanga. Ekseli zilikatika, matairi yalipasuka, vioo vilitoboka. Junior Johnson, mmoja wa wakali wa kizazi kile, alipoteza gari na kung'oa uzio.

Aliyeumizwa zaidi na siku ile ni Jack Smith. Hakugonga mtu, hakugongwa. Alikuwa na Pontiac yake na alikuwa anaongoza kwa mizunguko mitano mizima. Kwa soka ni kama mabao matano bila na zimebaki dakika kumi. Ilipobaki mizunguko isiyofika 50, kipande cha lami kilirushwa chini ya gari na kuchana tangi la mafuta. Akaingia kwa mafundi. Wakajaribu kuziba kwa matambara na chochote kilichokuwa karibu. Petroli iliendelea kumwagika. Mtu aliyekuwa anasubiri kombe akakaa pembeni kuangalia wengine wakimpita mmoja mmoja. Hakuna kamati ya rufaa inayorudisha pointi za tangi lililochanika.

Joe Lee Johnson wa Tennessee ndiye aliyeokota ushindi, na kuokota si tusi. Alikuwa bingwa wa magari ya wazi mwaka 1959, na siku ile alifanya kitu cha akili kuliko wote: alilea gari. Alimaliza mizunguko minne mbele ya Johnny Beauchamp, kwa wastani wa kilomita 173 kwa saa, baada ya zaidi ya saa tano na nusu. Akalipwa dola 27,150.

Na bado kulikuwa na patashika ya mezani. Madereva sita walifutwa kwenye matokeo kwa kosa la kukatisha kwenye nyasi kuingia eneo la mafundi badala ya kupita njia rasmi. Walikuwemo Junior Johnson, Lee Petty na mwanaye Richard, yule ambaye baadaye atakuja kuwa mfalme wa mchezo huu kwa ushindi wa mara 200. Baba na mtoto walikuwa wamemaliza ndani ya tano bora. Wakaondoka mikono mitupu. Kwa uwanja ule, mtu aliyekatisha kwenye nyasi angeweza kujitetea kwamba alitafuta sehemu yenye afadhali.

Mapato ya mlangoni yalikuja, lakini madeni yalikuwa yanasubiri mlangoni pia.

KUFUNGIWA MAISHA

Uwanja ulitengenezwa upya sehemu zilizoharibika na Oktoba mwaka huohuo ukaandaa mbio nyingine, za maili 400, zilizoshindwa na Speedy Thompson. Safari hii lami ilivumilia. Fedha ndiyo haikuvumilia. Wakandarasi walidai, wenye hisa walihoji, na Juni 1961 bodi ikamwondoa Turner kwenye urais wa uwanja alioubuni. Bruton Smith naye akasukumwa nje.

Hapa ndipo mtu mwingine angerudi kwenye mbao zake. Turner akatafuta fedha ya kuukomboa uwanja, na akaipata kwa watu ambao Bill France hakutaka hata kuwasikia: chama cha wafanyakazi cha madereva wa malori, Teamsters, chini ya Jimmy Hoffa. Masharti yalikuwa wazi. Wao wangetoa mkopo wa dola 850,000, yeye awaingize madereva wa NASCAR kwenye chama cha wafanyakazi.

Ukitazama kilichokuwa kinaombwa, hakikuwa cha ajabu. Bima ya maana, pensheni, sehemu kubwa zaidi ya mapato. Madereva wakati ule walikufa na kuungua, na wajane walichangiwa kwa kofia. Wengi walisaini. Lakini ni vigumu kuamini kwamba Turner aliamka asubuhi moja na huruma ya wafanyakazi. Aliwahitaji ili alipe deni la lami. Wachezaji wa soka waliowahi kutumiwa kwenye ugomvi wa viongozi wa klabu wataielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Agosti 9, 1961, France alikwenda uwanja wa Bowman Gray huko Winston-Salem, akawakusanya madereva na kuwaambia kwamba mwanachama yeyote wa umoja ule hatakimbia, na kwamba ana bastola ya kulisimamia hilo. Wengi walijitoa, Fireball Roberts akiwemo. Waliobaki na msimamo ni Turner na Tim Flock, bingwa wa mara mbili. Wote wawili wakafungiwa maisha. Walienda mahakamani, haikuwasaidia. Mkopo wa Teamsters haukufika.

Na kana kwamba mchezo una utani wake, siku nne baadaye lami ikaharibika kwingine. Kwenye uwanja uleule wa Asheville-Weaverville ambako Turner aliwahi kubaki peke yake, mbio za mizunguko 500 zilivunjwa kwenye wa 258 kwa sababu njia ilikuwa imesambaratika. Junior Johnson akapewa ushindi. Mashabiki waliolipia mizunguko 500 wakagoma. Walifunga njia ya kutokea kwa gari na kuwazuia madereva na mafundi ndani kwa saa kadhaa, wakitaka mbio ziendelee au fedha irudi. Ngumi zikapigwa. Kwa hiyo Turner hakuwa peke yake kwenye janga la lami mbovu. Yeye tu ndiye aliyelipa kwa jina lake.

Miaka minne alikuwa nje. Alikimbia mbio za vichochoroni zisizo za NASCAR, na mwaka 1962 akapanda mlima Pikes Peak, Colorado, kwenye barabara ya changarawe isiyo na uzio ukingoni, akashinda daraja la magari ya aina yake. Mpe vumbi tu. Huku nyuma, Charlotte iliingia mikononi mwa mahakama ya kufilisi, ikapangwa upya na kuanza kulipa madeni yake. Uwanja ulipona kabla ya mwenyewe.

KURUDI

Mwaka 1964 ulikuwa msiba. Weatherly, rafiki yake, alikufa Januari kwenye uwanja wa Riverside, California. Mei, Fireball Roberts aliungua vibaya pale Charlotte, kwenye mbio zilezile za maili 600, akafariki Julai. Mwaka 1965 kampuni ya Chrysler ikasusia kwa sababu ya ugomvi wa injini, mastaa wake wakakaa nje, na majukwaa yakaanza kupwaya. Mapromota wakamwendea France. Walihitaji jina linalouza tiketi.

France alimfungulia Turner mwishoni mwa Julai 1965. Kufungiwa maisha kukawa kumedumu miaka minne. Soka letu linazijua adhabu za aina hiyo, zinazokonda mapato yanapokonda.

Wengi walidhani amerudi kupunga mkono. Alikuwa na miaka 41, mwili umechoka kwa ajali na usiku mwingi. Oktoba 31, 1965, ulizinduliwa uwanja mpya wa lami wa Rockingham, North Carolina, kwa mbio za maili 500. Turner alipewa Ford ya ndugu wa familia ya Wood, timu yenye mafundi wepesi kuliko wote. Akashinda, akimwacha nyuma Cale Yarborough, kijana aliyekuwa na umri wa kutosha kuwa mdogo wake wa mwisho. Mbio za kwanza kwenye lami mpya, na lami ilikaa mahali pake mpaka mwisho. Ulikuwa ushindi wake wa 17 wa ligi kuu, na wa mwisho.

Vituko havikuisha. Mwaka 1966 wadhamini walidai avae suti ya udereva, akaja na suti ya ofisini na tai, akaingia nayo kwenye gari. Agosti mwaka huo, pale Bowman Gray, yeye na Bobby Allison waligongana makusudi mpaka magari yote mawili yakawa chuma chakavu, wakatozwa faini ya dola 100 kila mmoja. Mwaka 1967, kwenye Chevrolet ya fundi mjanja Smokey Yunick, akawa wa kwanza kufuzu Daytona kwa zaidi ya maili 180 kwa saa, sawa na kilomita 291. Injini ikamfia kwenye mbio zenyewe. Muda mfupi baadaye gari hiyo ikapinduka vibaya Atlanta kwenye majaribio. Alitoka hai, lakini Yunick akakataa kumtengenezea nyingine. Hakutaka kuwa mtu aliyetengeneza gari itakayomuua Curtis Turner. Mwaka 1968 jarida la Sports Illustrated likamweka kwenye jalada, dereva wa kwanza wa NASCAR kufika hapo.

Oktoba 4, 1970 ndege yake ndogo ilianguka huko Pennsylvania. Alikuwa na mcheza gofu wa kulipwa, Clarence King. Wote wawili walikufa. Turner alikuwa na miaka 46. Mwaka 2016 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la NASCAR, ambalo liko Charlotte.

Bruton Smith, mshirika wake wa enzi za baruti, alirudi na kuushika tena uwanja ule mwaka 1975, na kutokea hapo akawa tajiri mkubwa wa viwanja. Lami yake haikuacha visa. Mwaka 2005 uongozi uliamua kuikwangua kwa mashine za meno ya almasi ili kuondoa mawimbi, badala ya kumwaga mpya. Ikawa inashika matairi kupita kiasi. Mei bendera ya njano ilitoka mara 22 kwenye maili 600, rekodi wakati huo, na Oktoba matairi yalipasuka moja baada ya jingine. Jimmie Johnson alishinda zote mbili. Mwaka 2006 waliing'oa na kumwaga upya njia nzima, na safari hii waliisubiri ikaze kabla ya kuita magari.